Kigoda Kina Mtu

Sene 22

Naandika kwa sababu tangu leo nyumba hii haina tena sikio. Miaka yote, kila kahawa ilipokaangwa kwa dada yangu Etagegn, msimulizi nilikuwa mimi, Zergaw. Watu walishuka kutoka mitaa ya juu ya Debre Birhan na baridi yao yote, waje kunisikia nikieleza nilivyolishusha lori la chumvi mlima wa Termaber kinyumenyume, breki zimekatika, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika glasi ya chai, na chai haikumwagika. Wanaosema natia chumvi wako sahihi. Ilikuwa chumvi, lori zima.

Leo imeletwa miwani. Imetumwa na Kaleab, mwana wa dada yangu, aliye Amerika mwaka wa tisa sasa na karatasi zake hazimruhusu kutoka huko, hata baba yake alipozikwa hazikumruhusu. Boksi limefunguliwa na Tsige, dada yake Kaleab, mwalimu wa sekondari, binti mwenye akili kama yangu. Nilitegemea kuona miwani. Limetoka lidude la ukubwa wa nusu kibuyu, kioo cheusi mbele, mkanda nyuma, na upande wa uso kuna sponji. Nimeinusa sponji. Ina jasho la mtu.

Tsige akasema ni la Kaleab, aliijaribu kabla ya kuituma, naye amebaki na yake huko, ili mama amwone kana kwamba amekaa humu ndani. Dada akainyakua, akainusa na yeye, akafumba macho. Nikatoka nje.

Sene 25

Mvua. Nimekula vizuri.

Sene 28

Leo dada alivaa. Tsige akakaza mkanda, dada akasema linamvunja pua. Akalegeza, likateleza hadi mdomoni. Akakaza tena. Uzito wote uko mbele. Mimi nimepakia malori maisha yangu yote, najua mzigo unavyopangwa, na aliyepanga ule hajawahi kubeba hata kuni. Pembeni unatoka waya kwenda kwenye betri, na betri inatakiwa kukaa mfukoni. Dada hana mfuko. Akaifunga kiunoni kwa mshipi wa gauni lake, akawa kama mbuzi wa mnadani.

Kisha kioo cha mbele kikawaka, yakatokea macho. Ni picha ya macho ya dada, samawati kidogo, yanaelea kama kitu kilichosahaulika kwenye supu. Tsige akasema yamewekwa makusudi ili sisi tusijisikie tumeachwa. Mimi nimetazamana na fisi uso kwa uso njia ya Asab, na aliyeinamisha kichwa ni fisi. Macho yale niliyapisha.

Dada akanyoosha mkono mbele, polepole, kama anayepapasa ukuta gizani. Akasema, "Umenenepa."

Sauti ya Kaleab inavuja pembeni mwa masikio yake kama mbu ndani ya kopo. Ukikaa karibu unaisikia. Alikuwa anacheka.

"Zergaw," dada akaniambia, "ondoka hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kigoda. Umemkalia mtoto."

Nilitazama chini. Palikuwa na kigoda na matako yangu, basi. Kigoda cha miguu mitatu, karibu na jiko la kahawa, ambacho mimi mwenyewe nimekilainisha kwa miaka kumi na moja. Tsige akasema picha inaweza kuhamishwa, anaweza kumweka mlangoni au karibu na kabati. Dada akajibu kwamba mgeni hahamishwi akishakaa.

Nikainuka.

Hamle 1

Nimekaa juu ya gunia la tefu, nafaka yetu ndogo. Gunia la tefu lina baridi.

Hamle 5

Sikukuu ya Petro na Paulo. Mfungo wa mitume umeisha, nyama imeliwa, na ndiyo siku ya wanawake kujipaka siagi kichwani. Kazi hiyo ni ya Emama Askale, bibi jirani yetu, anayesuka nusu ya mtaa huu na kuisema nusu nyingine. Alimsuka dada, akampaka siagi mbichi, bonge zima katikati ya utosi, liyeyuke lenyewe.

Kwa kawaida siagi huyeyuka taratibu. Lakini miwani ile ikifanya kazi inapata joto kama pasi. Kaleab alipofika, yaani alipotokea, maana huko kwake ni alfajiri na ametoka zamu ya usiku, siagi ilianza safari. Ikapita chini ya mkanda, ikafuata nyusi, ikanywewa na sponji. Dada hakujali. Kila baada ya muda anafuta kidevu na kuendelea kuongea.

Halafu Emama Askale akataka kuona. Akavaa. Akamwita Kaleab mara nne, akambusu hewani, akamtemea mate ya baraka, mate yakatua kwenye kioo kwa ndani. Sijui yalipitaje. Kisha Tsige akavaa. Kisha mke wa shemasi, aliyekuja kuomba ungo tu. Nyuso nne, sponji moja. Kisha wakanigeukia mimi.

"Gashe Zergaw anaogopa," Emama Askale akasema. Anapotaka kunichoma ndipo huniita Gashe, kwa heshima zote.

Nikavaa. Mungu ananiona. Sponji ilinigandia usoni kama ulimi wa ndama. Ilikuwa ya moto, ina maji, ina siagi na kitunguu, ina ubani na wanawake wanne. Ndani yake niliiona nyumba yetu, lakini imefifia, chembechembe, kama inaonekana kupitia chandarua. Na kwenye kigoda changu alikaa Kaleab, mguu juu ya mguu, ndevu amenyoa, shati limepigwa pasi.

"Mjomba," akasema, "nasikia nimekunyang'anya kiti."

"Kaa tu, mwanangu. Mimi sipendi kukaa."

Ni kweli alionekana. Nilihisi ningemgusa goti. Nikageuza kichwa haraka nisimtazame sana, na nyumba ikachelewa kugeuka, ikanifuata nyuma kidogo, kama tela lililolegea. Nilitapika kwenye beseni la kunawia mikono. Ilikuwa ile nyama. Dereva wa Termaber hatapishwi na miwani.

Nimeosha uso kwa sabuni mara tatu. Bado nanuka Emama Askale.

Hamle 9

Mvua ya mawe. Mtandao umekatika, Kaleab hakuja. Nimekaa kwenye kigoda changu mchana kutwa. Hakuna aliyeniomba hadithi.

Hamle 12

Leo tumejua kwa nini Kaleab anapotea.

Kila siku tukianza kula, anapotea. Dada anachana kipande cha injera, mkate wetu laini wa tefu, Kaleab haonekani. Tsige anamrudisha. Dada anachovya, Kaleab hayupo. Tulilaumu mvua, tukalaumu umeme, mimi nikamlaumu Kaleab mwenyewe. Leo Tsige akapekua maelezo, akasoma, akaanza kucheka peke yake mpaka machozi.

Kumbe miwani haina kitufe. Ukitaka kuiamuru, unatazama kitu halafu unabana kidole gumba na cha shahada hewani. Kubana ndiko kubonyeza. Na dada yangu, akitazama kitu chochote, anamtazama Kaleab. Basi akibana injera kwa vidole, kama alivyobana tangu aote meno, lidude linadhani anamfunga mtoto.

Waliolitengeneza wanakula kwa kutumia nini? Nimemuuliza Tsige. Akasema kwa uma, Mjomba. Nikasema ndiyo maana.

Nikamshauri dada avue wakati wa kula. Akasema huo ndio muda pekee Kaleab anao, na anakula mkate wake huko akitutazama. "Nile nikiwa nimempa mtoto mgongo?"

Hamle 13

Dada amekula injera kwa kijiko.

Nimeandika mstari huo na kuutazama kwa muda mrefu. Injera, kwa kijiko, kama uji wa hospitali. Ameikatakata, ameilowesha, kijiko amekishika kwa ngumi vidole visibane, ameisukuma mdomoni huku macho ya bandia yanatutazama kwenye kioo. Hakumaliza hata robo. Mimi sikumaliza yangu pia, na mimi huwa namaliza ya wengine.

Hamle 20

Mvua. Dada kijiko. Mimi gunia.

Hamle 26

Nimegombana na dada. Naandika nikiwa nimesimama, mimi niliyebaki nimekaa hata siku ile majambazi wanane waliponizuia njiani huko Mille.

Alipovua leo nilimwona uso. Kuna alama nyekundu imezunguka macho kama bakuli limegandamizwa kwenye unga. Juu ya pua ngozi imechubuka, amebandika kipande cha pamba. Shingo hageuzi, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Na amekonda. Mshipi ule wa betri amekwisha kuuzungusha mara mbili.

Nikamwambia yote. Nikamwambia anakaa na kivuli. Nikamwambia kile si Kaleab, ni picha iliyochorwa, haina hata ndevu, na mwanamume wa umri ule aliyetoka kazini alfajiri lazima ana ndevu. Mimi ni mtu wa maneno, namjua mwenzangu anapojipamba.

Dada hakupandisha sauti. Hajawahi kunipandishia sauti, hata siku nilipokuja kwake na sanduku moja nikisema nakaa wiki.

"Zergaw," akasema, "lile lori lilikuwa na breki."

Nikachochea jiko lililozimwa.

"Mume wangu alikuwa nyuma yako siku ile na lori lake. Alinieleza. Ulishuka kawaida, mbele mbele, breki nzima. Chai ulikunywa mlipofika." Akaibandua pamba juu ya pua, akaitazama, akairudisha. "Na nimekusikiliza miaka kumi na moja. Nimecheka kila mara. Sasa niache na mtoto wangu mwenye shati la pasi."

Nimetoka nje, nikasimama kwenye mvua chini ya bati, nikainusa mikono yangu. Inanuka siagi iliyochacha. Nyumba nzima inanuka.

Hamle 27

Breki zilikuwa zinakamata kidogo, sikatai.

Nehase 3

Mfungo wa Filseta, wa Bikira Maria, umeanza. Dada anafunga mpaka alasiri. Kisha Kaleab anakuja, dada anakamata kijiko, shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu, vijiko viwili, basi. Tsige anambembeleza. Mimi nanuna, na kununa najua sana.

Nehase 13

Sikukuu ya Buhe. Nje watoto wanapasua mijeledi tangu asubuhi. Nilikuwa naingia na kuni nikasikia dada anacheka. Kile kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kukohoa. Nikasogea karibu na sikio lake nisikie mbu wa kwenye kopo anasema nini.

Alikuwa anasimulia Termaber.

Yangu. Lori langu, chumvi yangu, chai yangu. Tena alikuwa ameongeza simba aliyekaa katikati ya barabara, na mimi nikapiga honi kwa paji la uso kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi. Mwizi. Nilitaka kuivua miwani ile kichwani mwa dada na kuitupa kwa mbwa.

Lakini niliendelea kusikiliza, kuona kama ataharibu mwisho. Hakuharibu. Pale penye chai alinyamaza kwanza, kidogo, kama ninavyonyamaza mimi, kisha akasema: na haikumwagika. Neno kwa neno. Mvulana aliondoka na sanduku la nguo na hadithi hiyo.

Simba ni wazo zuri. Nitamchukua.

Nehase 16

Mfungo umefunguliwa. Jogoo nilimchinja mimi, pigo moja, kichwa kikaruka ua wa jirani. Tsige amepika mchuzi wa kuku tangu jana, vitunguu vimelia wenyewe, mayai yamekaa ndani kama wafalme.

Dada alikuwa na furaha. Amevaa gauni jeupe, na juu ya gauni jeupe amevaa takataka lile. Kaleab alipotokea kwenye kigoda, dada alikisukuma kijiko pembeni.

"Leo ni sikukuu," akasema. "Mwanangu atakula mkononi mwangu."

Tsige akamkumbusha habari ya vidole. Dada akasema anajua, atafanya haraka. Kwetu sikukuu haipiti mama hajamlisha mwanawe tonge, hata mwana awe na mvi. Kaleab alisikika akisema, "Mama, nimefungua mdomo." Nilimsikia mimi mwenyewe, nilikuwa kwenye gunia langu, karibu.

Dada akakunja tonge. Injera, nyama, kipande cha yai, tonge kubwa, la mapenzi. Kaleab akapotea. Tsige akamrudisha. Dada akalinyanyua. Tonge lazima libanwe, mtu halishwi kwa kiganja kama farasi. Akapotea tena. Tsige akamrudisha. Mara ya tatu dada alilifikisha mbele kabisa, mdomoni, akasukuma, na pale pale kinywa kikafutika. Tonge likaanguka juu ya kigoda kitupu, likateleza, mchuzi ukachuruzika kwenye mguu mmoja mpaka sakafuni.

Emama Askale akajifunika uso kwa shuka. Kila mtu hapa anajua tonge likianguka kabla ya kufika mdomoni ni ishara ya kutengana kwa anayelisha na anayelishwa.

Dada alibaki mkono hewani. Macho ya kwenye kioo yalikuwa yanapepesa kwa utulivu, samawati, kama hakuna kilichotokea. Kisha chini ya sponji, pembeni mwa pua, yakaanza kutoka maji. Sikujua mtu anaweza kulia mle ndani. Machozi yanajaa kwanza, hayana pa kwenda, halafu yanatoka yote kwa mkupuo, ya mafuta, yamechanganyika na siagi ya mwezi uliopita, ya rangi ya chai.

Nimeona mengi barabarani. Nimeona ngamia aliyekufa siku nyingi akipasuka. Sijawahi kupata kinyaa kama cha leo, kwa kitu kinachomwonyesha mama mdomo wazi wa mwanawe na kuufunga kwa sababu mama ameshika chakula.

"Nimemfukuza kwa mkono wangu," dada akasema.

Nililifuta tonge kwenye kigoda mimi.

Nehase 19

Kijiko kimeachwa pia. Kaleab akiwepo dada hali chakula, anaikalia mikono yake, isije ikamfukuza. Kaleab akiondoka, dada amechoka, analala. Tsige amejaribu kuzima mambo ya vidole, miwani imemkatalia.

Nehase 24

Dada ameanguka uani, kati ya mlango na jiko. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, nikipita bajaji mbili kwenye matope. Bajaji zilikuwa zimesimama, lakini nilizipita. Mgongoni alikuwa mwepesi kama koti.

Muuguzi akapima, akauliza kama mama huyu hapewi chakula. Kisha akaona alama za usoni na kidonda cha pua. Akamgeukia Tsige, akamwuliza kwa sauti ya chini nani amempiga. Kisha wote wakanitazama mimi.

Mimi, nisiyemwinulia mkono hata paka.

Tsige ameifungia miwani kabatini na funguo amezivaa shingoni.

Nehase 25

Dada hali chakula. Hasemi.

Nehase 28

Nimemsimulia Termaber na simba wawili. Ametazama ukuta. Kigoda ki wazi, nimekaa juu yake, na naapa kinanikataa. Nimerudi kwenye gunia.

Nilikuwa naliombea lile lidude life. Sasa liko kabatini na dada yangu anakwisha. Ananyweshwa uji kidogo na Tsige, anameza ili Tsige anyamaze. Nimewaza sana, mpaka kichwa kimeuma, nacho si kichwa kidogo.

Pagume 3

Siku ya Rufaeli, katika mwezi wetu huu wa siku tano unaofunga mwaka. Mvua ya leo ni ya baraka, na ilikuja kama ilivyotakiwa, adhuhuri, nene. Mtaa mzima ulitoka nje. Watoto uchi, wazee na mashuka, Emama Askale na ndoo. Dada akatoka peke yake, akasimama katikati ya uwanja, akainua uso.

Ni mara ya kwanza kwa msimu huu kuutazama uso wake kwenye mwanga wa nje. Alama zimeanza kupona, zimebaki rangi ya zambarau. Maji yalikuwa yanamwosha siagi. Akasema jina la Kaleab, na akasema yeye huko hakuloa.

Tsige akaingia ndani. Nikasikia kabati.

Tulimfunika dada shuka lake jeupe la pamba, zito, juu ya lingine, maana alikuwa anatetemeka, mpaka shingoni. Tsige amefuta miwani kwa spiriti na kushona kitambaa safi juu ya sponji. Kazi iliyotakiwa kufanywa tangu Hamle kama wangeniuliza. Kaleab akatokea. Hawakusema mengi. Emama Askale alikuwa ameweka bakuli la bisi za shayiri mapajani mwa dada, chini ya shuka, zimpashe joto. Dada akawa anaokota moja moja, bila kufikiri, kama anavyookota mtu yeyote aliye na bakuli la shayiri, anapitisha mkono ndani ya shuka hadi mdomoni. Anabana, anakula. Anabana, anakula.

Kaleab hakupotea.

Aliyegundua kwanza ni Tsige. Alimshika mkono Emama Askale asiongee. Tulikaa hivyo watatu, tunasikiliza shayiri inavyotafunwa.

"Haivioni vidole," Tsige akaninong'oneza. "Vimefunikwa. Isipoviona haijui kwamba anabana."

Bakuli lilikwisha. Dada akaomba lingine.

Pagume 4

Sasa anakula, mkono ndani ya shuka kama anayeiba. Injera, kwa vidole. Nimemwona kwa macho yangu.

Lakini amesema jambo. Amesema siku ya mwaka mpya atajaribu tonge tena. Tsige akamwambia Mama, hata asipopotea, pale hamna mdomo, litaanguka tena. Dada akasema litaanguka lakini atakuwa amelipeleka. Akiliona limeanguka tena, sijui atanyanyuka na nini.

Pagume 5

Nimenyoa masharubu na ndevu zote. Sisemi kwa nini. Emama Askale ameniuliza kama ninaoa.

Meskerem 1

Jua. Maua ya manjano yamefunika kilima, wasichana wamepita wakiimba, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni. Kaleab amekuja saa ileile. Shati jingine, amesema Tsige, jeupe.

Dada alikula kwanza kidogo, mkono shukani. Kisha akakaa wima.

"Kaleab, fungua mdomo."

Nilikuwa nimevua viatu. Nikainuka kwenye gunia, nikapita nyuma ya jiko la kahawa bila kugusa hata kikombe. Watu wananiona mnene lakini nikitaka natembea kama moshi. Nikakikalia kigoda. Tsige ameniambia baadaye kwamba anayeonekana kwenye miwani hafunikwi na aliye nyuma yake, kwa hiyo dada aliendelea kumwona Kaleab, na mimi nimo ndani yake kama mguu kwenye soksi. Emama Askale kinywa wazi. Mimi nikafungua wangu.

Mkono ukaja umefunikwa na shuka, tonge linachungulia mwishoni. Miwani inadanganya urefu, nilikuwa nimeshasahau. Tonge la kwanza liliingia puani.

Mchuzi wa mwaka mpya, pilipili ya Tsige, pua zote mbili. Chafya ikaja kutoka kwenye visigino. Nikaizuia. Kaleab hakuwa anapiga chafya, kwa hiyo nami singepiga. Nilivuta tonge kwa ulimi, likaingia na pamba kidogo ya shuka na siagi ya msimu mzima. Nikatafuna. Machozi yalinitoka mpaka shingoni.

Sauti ya mbu ikasema, "Mama, nimekula." Nilimsikia na yeye anatafuna, mkate wake wa huko.

Vidole vya dada vilikuwa vimegusa midomo yangu. Akavikunja, akakunja tonge la pili, akaleta. Safari hii alilenga chini kidogo, likaingia sawasawa. Nikatafuna polepole, kwa adabu, kama mtu aliyesoma.

"Kaleab," dada akasema, "umewahi kumlisha mjomba wako?"

"Sijawahi, Mama. Kwa nini?"

"Basi leo ndiyo zamu yake."

Akaisukuma miwani juu, ikakaa kwenye paji la uso kama kofia iliyochoka. Akanitazama kwa macho yake mwenyewe, madogo, mekundu, yamezungukwa na alama. Akanitazama kidevu.

"Kaleab anatafuna huku amefumba mdomo," akasema. "Wewe unatafuna kama nyumbu. Na hizo ndevu uziote tena, unatisha."

Nikataka kuinuka. Akanibonyeza bega kwa mkono wa kushoto, nikabaki. Akalitoa shuka mkononi. Akakunja tonge la tatu kwa vidole vitupu, mbele ya watu wote, kubwa kuliko yote mawili, akaweka yai.

"Zergaw. Hili ni lako."

Nikafungua mdomo.

Meskerem 2

Hakuna mvua. Mke wa shemasi alikuja kurudisha ungo, akataka kukaa, nikamwambia kigoda kina mtu. Ametazama, hakuona mtu, akakaa kwenye gunia. Sponji bado inanuka.